Shuka Jeupe Chini ya Mikorosho

Mama, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mpapura, mikono inanuka panya na mabibo, na leo sishikiki kwa furaha!

Kama ujuavyo, tunatafuta bakteria wa homa kwenye panya wa porini na kupe. Panya walinaswa mapema, ila kupe walitushinda, maana kitambaa tunachokokota kwenye majani ili wakishike kilichanwa na miiba. Asubuhi nikachukua lile shuka jeupe ulilonipa, nikaliburuta chini ya mikorosho. Mara kina mama wakatokea wamejitanda khanga, Bi Somoe mwenye shamba akilia, "Jamani, sanda ya nani hiyo?" Nikawaapia hakuna msiba, nasaka kupe wanaoleta homa. Akajifuta machozi. "Mjukuu wangu homa haimwachi, na kila akipimwa malaria haionekani. Lete pembe nishike!" Tukaliburuta wote, wenzake wakipiga vigelegele. Tulipoligeuza, kupe walikuwa wametapakaa kama ufuta, na sasa chupa zetu zote za sampuli zimejaa!

Shuka hulipati tena, Mama. Bi Somoe kaliweka kwake tuburute na kesho. Ubaki na afya. Nitakuletea jingine, ila hilo litakuwa la maua.

Mwanao, Rehema