Weusi Nilioufuta Uyole

Kamwene mama,

Uyole ni baridi na mgongo unaniuma, ila naendelea. Hapa maabara ninakofanya usafi wanachunguza kwa hadubini vipande vya kifaa cha kuzalisha umeme kwa hidrojeni, waone kinavyozeeka. Jana nilikuta kipande kimoja kina weusi, nikakisugua kwa sabuni na dodoki kama sufuria mpaka kikang'aa. Mwalimu anayesimamia maabara akauliza nani kafanya vile. Nikajua kazi imeisha, lakini nikasema ni mimi. Naye akaniambia:

"Mama Tumaini, weusi ule ndio uzee tunaoutafuta. Kwani bibi ukimsugua anarudi usichana?"

Wenzake wakacheka. Akanipa kipande kingine nikiandae mwenyewe kwa ajili ya hadubini. Nimebaki kazini.

Tumaini akivunja kitu, aseme mwenyewe, nawe mama usimchape. Mvalishe sweta, Kilolo nako kuna baridi.

Binti yako anayewapenda