Beseni la Mama na Nyanya Zenye Ukungu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unisome hadi mwisho, maana nikianza habari za mama yangu sijui kufunga mdomo.

Mama aliuza mboga sokoni tangu mimi sijazaliwa, nyanya, karoti, hoho, kabichi, viazi vitamu, na sisi wanawe tumekula na kuvaa na kusoma kwa meza ile ya mbao yenye mguu mmoja uliofungwa kamba, na utoto wangu wote hakuna kitu nilichokisubiri kama Jumamosi jioni, kwa sababu siku hiyo mama alifunga meza mapema akarudi na beseni la bluu kichwani limejaa zile zilizokataliwa na wateja, nyanya zilizobonyezwabonyezwa mchana kutwa, karoti zilizovunjika, hoho zilizokunjamana. Analitua uani, sisi tunakimbilia na visu, yeye anatufukuza, "Subirini kwanza, mna njaa gani nyie!" anachambua peke yake, nyingine anazirusha kwenye shimo la taka bila hata kutuonyesha, kisha ndiyo anatuita, kila mtu na kisu chake, changu kilikuwa kile kidogo chenye mpini uliozungushiwa kitambaa. Tunakata palipopondeka, mama anasema, "Toa kidonda, mgonjwa apone!" na sisi wote tunaitikia, "Apone!" na kaka yangu mkubwa, ambaye leo ni mtu mzima na kitambi chake, alikuwa anajifanya daktari, anaipima nyanya homa kwa kiganja, anatikisa kichwa, "Huyu mmewahi kumleta," na mama anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Halafu vyote chunguni, na harufu inatoka mpaka kwa majirani. Mshauri, ile harufu! Juzi nimeikumbuka nikiwa kazini, nikalia mbele ya mashine ya fotokopi, mteja akadhani nimemharibia vyeti vyake.

Sasa mama magoti yamemgomea, soko ameacha, na tangu mwaka jana anaishi kwangu, mimi na mume wangu na mtoto wetu tunayemwita Bonge. Mwanzoni alikaa kama mgeni, hata dirisha anaomba ruhusa kulifungua, roho ikaniuma. Mpaka siku moja akatoa kwenye mizigo yake beseni lile lile la bluu, lina ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, akaniambia, "Mwanangu, hili litakaa tupu mpaka lini?" Wallahi nilimkumbatia. Ila kwa kuwa meza ya sokoni haipo tena, anakusanya wiki nzima, kinachobaki jikoni kwetu na kile ambacho majirani wanataka kutupa, anatia kwenye mfuko wa plastiki, anauficha kabatini chini ya sinki mpaka Jumamosi ifike, na mimi nikajifanya sioni kwa sababu alikuwa amerudi kuwa mama yangu, anaimba, anatania, anampa Bonge kijisu butu cha kupakia siagi na kumwonyesha pa kukata.

Lakini Jumamosi moja nikashika nyanya ina manyoya meupe na madoa meusi, inanuka kama ukuta uliolowa, na kiazi kitamu kina weusi uliozama ndani, nikasema, "Mama, hivi vimeota ukungu." Akaichukua ile nyanya, akaiminya taratibu, akaigeuza, akasema, "Vidole vyangu vinajua. Kidonda tu hicho. Toa kidonda, mgonjwa apone!" na Bonge akaitikia kwa nguvu, "Apone!" Ile sauti ilikuwa kama yangu mimi, nikachukua kisu nikakata.

Tukala. Usiku ule Bonge akatapika na kuharisha mpaka akalegea kama nguo iliyolowa, tukamkimbiza zahanati. Nesi akauliza amekula nini, nikamweleza, akasema hawezi kuapa kwamba ndicho kilichomdhuru, ila ukungu una sumu ambayo kisu hakiimalizi na moto hauiondoi, tuache kabisa. Mume wangu hakupiga kelele, afadhali angepiga, alisema tu, "Beseni litoke, au mimi na mwanangu tutakuwa tunakula kwa dada yangu." Nikamwambia mama. Akaniangalia, akasema, "Nimewalisha nyie hivyo hivyo. Nani alikufa?" Tangu hapo amenuna, au sijui ni uzee, chai anamimina nje ya kikombe, Bonge akisimama mlangoni anamwita kwa jina la kaka yangu, nguo yake imechanika na hataki kushika sindano. Ameshakunja nguo zake, amempigia kaka aje amrudishe kwenye nyumba yetu ya zamani, akakae peke yake, na kaka anakuja mwisho wa mwezi.

Mshauri, ni kweli kukata hakutoshi? Na nitalitupaje lile beseni bila kumtupa mama yangu?

Ni mimi, Binti wa Beseni.

*

Binti wa Beseni,

Pole, na Bonge mpe pole yangu. Mate yamenitoka nikisoma habari za chungu chenu, sikufichi. Haya, futa machozi tuongee, na utanisamehe, sitakupaka mafuta.

Nesi amekwambia ukweli. Yale manyoya unayoyaona ni sehemu ya juu tu ya ukungu. Chini yake una nyuzi zinazopenya ndani, na baadhi ya aina za ukungu hutoa sumu. Kwenye kitu laini chenye maji, kama nyanya, hoho au tango, sumu hiyo inaweza kusambaa mahali ambapo jicho halioni. Usikate. Tupa nzima. Karoti na kabichi ni ngumu, kwa hiyo doa likiwa dogo kata mbali nalo, upana wa vidole viwili pande zote na kwenda chini, na kisu kisiguse ukungu wenyewe. Likishakuwa kubwa au pamelainika, tupa. Kiazi kitamu kilichooza, chenye ukungu au kichungu, usikikate, usikichemshe, na usimpe hata ng'ombe, maana ng'ombe wamekufa kwa viazi vya namna hiyo. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, lakini sumu iliyokwisha kutoka haiogopi sufuria. Na usiinamie kuunusa ukungu kama unanusa ua.

Na wewe! Ulishika nyanya yenye manyoya mkononi, ukaiona, ukainusa, halafu ukamlisha mtoto kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu? Kukumbuka utoto ni haki yako, lakini Bonge ana tumbo lake mwenyewe. Hilo limekwisha, silirudii.

Sasa tuje kwa mama. Aliuliza nani alikufa. Jibu umeniandikia mwenyewe. Zile nyanya za utotoni zilibonyezwa na wateja siku hiyo hiyo, na jioni yake zikaingia chunguni. Mlikuwa mnakata palipopondeka, hamkukata ukungu. Hizi za leo zinakaa wiki nzima kwenye mfuko wa plastiki, gizani, penye unyevu chini ya sinki. Ungetaka kufuga ukungu usingepata banda zuri kuliko hilo. Beseni ni lile lile, kilichomo ndani si kile kile.

Halafu nikasoma tena pale anapowafukuza, anachambua peke yake, nyingine anazirusha shimoni. Mwanangu, mama yako alikuwa anaujua ukungu kabla mimi na nesi hatujausikia. Mwanamke huyo leo anapewa nyanya ina manyoya meupe, anaiminya, anaigeuza, anasema vidole vyake vinajua. Kwa nini vidole? Chai inamwagika nje ya kikombe. Mjukuu mlangoni anaitwa kwa jina la mjomba wake. Sindano haishikwi. Unaniambia amenuna! Mama yako haoni, binti. Na anaogopa kusema, maana ameshapoteza soko na magoti, na beseni ndicho kitu pekee alichobakiza. Sina cheti cha macho na huenda nimekosea. Kahakikishe kliniki.

Kwa hiyo, fanya hivi. Jumatatu omba ruhusa kazini, mpeleke akapimwe macho. Usimwambie ni kwa sababu ya nyanya. Mwambie unataka aone vizuri sura ya Bonge. Macho ya wazee mara nyingi yanatibika, ila si kwa kungoja. Mpigie kaka yako leo, mwambie asilete gari, alete kisu chake. Ule mfuko wa chini ya sinki ufunge vizuri utupe, kabati ulisugue likauke, na kuanzia sasa hakuna cha kuhifadhiwa kusubiri Jumamosi. Jumamosi yenyewe mshike mkono mwende sokoni, abishane bei mpaka achoke, mnunue zilizopondeka siku hiyo na kuzipika siku hiyo. Mume wako naye apewe kiti na karoti. Mwanaume anayeogopea tumbo la mwanawe namheshimu, lakini akae hapo hapo uani, dada yake amwache apumzike.

Na mkishakaa, wewe kaa ubavuni kwa mama. Beseni lianzie kwako. Bonge akikimbilia, mfukuze, "Subiri kwanza!" Uchambue, mbaya uirushe kimyakimya, nzuri umkabidhi mama mkononi. Yeye alikufanyia hivyo kila Jumamosi, na wewe ukadhani anawachelewesha tu kula.