Mchanga kwenye wali wa Zuhura

Jumapili

Najua nilichofanya. Zuhura, mke mwenzangu wa Tanga, aliniuliza namna ya kuandaa nsansa, yale majani makavu ya kunde, ayakaange na wali wake wa nazi. Nikamwambia asiyaoshe, ladha itapotea. Msukuma gani asiyejua yanaanikwa juu ya mawe, yamejaa mchanga?

Leo mama mkwe kaja kutoka Didia. Tonge la kwanza tu, nikasikia mchanga ukisagika menoni mwake. Nikasubiri kwa hamu.

Akatafuna polepole mpaka akamaliza sahani. "Wabeja, mwanangu," akamshukuru Zuhura. "Umetukumbuka kwa chakula cha kwetu."

Mimi nina miaka kumi na miwili humu ndani. Chumvi ikizidi kidogo, ananirudishia sahani.