Nani Atauitikia Wimbo wa Jeneza?

Kijiji cha Neulpo,
Kisiwa cha Jindo.
9 Novemba 2023

Mpendwa mwanangu Hyeon-gyu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U mzima huko Seoul? Unakula chakula, au bado ni zile tambi za kumwagia maji ya moto? Sisi huku hatujambo, ila Bibi yako hajainuka kitandani tangu tulipoanza kutia chumvi kabichi za akiba ya baridi. Kikohozi kimemkaa kifuani na uji hamalizi.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika.

Wiki iliyopita tulimzika Mzee Pan-seok, jirani yetu. Baba yako alishika kengele mbele ya jeneza kama kawaida yake, akaanzisha wimbo. Hata wabebaji hawajaitikia, watoto wa shule waliosimama kando ya barabara wakashika viuno na kurusha miguu. Ngoma yako ile ya kwenye video. Wanaijua yote, mpaka ule mkono wa kupepea. Wabebaji wawili wakaangua kicheko, hatua zikapotea, jeneza likalala upande, na mjane akalikumbatia lisianguke. Watoto siwalaumu. Wimbo wameujulia kwako, kwenye simu. Hawakujua kuwa ni wimbo wa maiti.

Lakini wewe unajua. Tangu utotoni unajua hauimbwi pasipo na msiba. Uliwahi kuuimba jikoni ukachapwa, na aliyekuchapa ni mimi. Leo unachezwa harusini na kwenye tangazo la kuku wa kukaanga. Kuku, Hyeon-gyu.

Nilipokupigia simu ulinijibu, "Shangazi, acha hizo. Huu ni utamaduni wa watu, na wa watu ni wa wote. Nisingeuimba mimi, ungekufa na nyinyi wazee." Nimeyatafuna maneno hayo wiki nzima na hayamezeki. Kweli, wimbo hauna mwenyewe. Wala sisi si watu wa kununa msibani. Usiku wa kuamkia mazishi tunafanya vichekesho mbele ya mfiwa mpaka acheke huku machozi yanamtoka. Ila sisi tunamchekesha mfiwa. Wewe umemchekesha nani?

Baba yako aliifunga kengele kwa kitambaa, akaitundika stoo. Nikimgusia ananijibu, "Mwambie mwanangu aje kuimba, si ndiye maarufu?" Kijijini hakuna mwingine wa kuimbisha, na Bibi yako anayasikia yote hayo kutoka kitandani. Mama yangu haogopi kufa. Anaogopa kubebwa kimya kama gunia la figili.

Jana aliniambia nimwekee wimbo wako kwenye simu. Nilikataa, akanikazia macho, nikauweka. Nilidhani atalia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sauti ni ya mume wangu kabisa. Lakini mbona anajiitikia mwenyewe? Hana watu huko?"

Nikatoka nje kupanga kabichi. Ndilo hilo nililoshindwa kukuambia kwenye simu. Unaita, mashine inakujibu kwa sauti yako mwenyewe, na wale wote wanaokutazama hakuna hata mmoja aliyetia bega.

Niliporudi ndani alikuwa ameshaamua. "Mwite. Ataniimbia yeye." Hilo limenikera kuliko yote, kwa sababu mimi ningekuacha huko huko na kuku wako. Lakini neno la mama halijadiliwi.

Basi njoo sasa, angali anakutambua. Baba yako niachie mimi. Kengele ataitoa, na bega la kubebea analo. Sisi wanawake tutavuta vitambaa vyeupe mbele ya jeneza kama desturi.

Mjomba Chil-bong anakusalimu. Binti yangu Ga-ram naye anakusalimu. Bado anaicheza ngoma yako nikigeuza mgongo. Mababu wakulinde njiani na wakufikishe mapema.

Njoo uite. Hasira bado ninazo, lakini nitaitikia.

Ni mimi shangazi yako akupendaye hata akifoka,
Sun-rye