Visanduku Tulivyoficha kwa Muda

Goma, Majengo
Asubuhi ya mvua

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa mikono miwili na magoti chini, kama vile ungekuwa umesimama hapa mulangoni. Goti lako linaendeleaje? Bado linavimba wakati wa baridi? Na nyumba, mabati bado iko juu? Wanaotoka huko, mumoja anasema kwenu Kiwanja kumetulia, mwingine anasema hakujatulia, na mimi nimechoka kuwasikiliza wote. Nataka kusikia kwako. Tangu musimu wa mahindi telefone yako inaniambia tu kwamba hupatikani, na kila siku napiga tena, kana kwamba ile sauti ya mashine itanihurumia.

Mimi ni muzima. Nakula, nafundisha, usingizi unakuja ukitaka. Barua hii anaibeba Mama Furaha, yule muuzaji wa vitenge aliyekuwa jirani yetu pale sokoni. Anazungukia Uganda, anapita nchi nzima ya watu, ili afike mahali ambapo zamani nilifika kwa moto, pikipiki tu, kabla jua halijawa kali.

Najua umesikia kwamba mwalimu wa shule yetu alikamatwa kwa sababu ya sanduku. Habari mbaya haihitaji barabara. Baba mukubwa alinitumia neno kupitia watu wa Bunagana, anauliza kama ni kweli nimeingia katika upelelezi. Sikuingia, Mama. Kaa, nikueleze tangu mwanzo, uyapate kwangu mwenyewe.

Mwalimu huyo anaitwa Bahati. Anafundisha hesabu, mimi jiografia, na klasi zetu zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, hata wanafunzi wangu wakati mwingine wanajibu maswali yake. Ni mutu wa vilima vya Masisi. Baba yake alifuga ng'ombe kule, kisha wakahamia Buhene, na Nyiragongo, ule mulima wa moto, ilipotapika, nyumba yao ikafunikwa. Wenyewe walikimbia, wakapona. Siku ile unaikumbuka, nilikupigia nikiwa njia ya Sake na godoro kichwani, wewe unalia, mimi nakupigia kelele kwamba niko muzima. Tangu pale Bahati hakuweza tena kukaa kitini. Alisahihisha mitihani akitembea.

Njo yeye alileta muchezo. Binamu yake anaishi Kanada, na watu wa kule wana desturi ya kuficha kisanduku mahali fulani, chini ya daraja au ndani ya muti uliooza, kisha wanaandika latitudo na longitudo yake kwa intaneti. Mutu asiyekujua anazichukua zile namba, anatafuta na telefone yake, akikipata anaandika jina lake kwenye karatasi iliyomo, anachukua kitu kidogo, anaacha kitu kidogo, anakirudisha palepale. Ni hivyo tu. Hakuna anayeshinda.

Nilicheka. Lakini nilikuwa nimefundisha latitudo miaka yote kwa chaki, na wanafunzi waliziona kama adhabu.

"Hapa Goma?" nikamwuliza. "Kopo likikaa juma moja, mutu atalibeba akatie chumvi."

"Njo maana tutaficha vya muda. Kila kisanduku kiwe na mwisho wake. Mwisho ukifika, tunakitoa. Mwizi anakuta mahali patupu."

"Na mvua? Na basoda wenye bunduki?"

"Mwalimu Solange, unauliza kama prefe."

Prefe, yaani mukubwa wa shule, naye aliuliza maswali yaleyale, kisha akakubali kwa sababu muchezo haukuomba bajeti.

Kisanduku cha kwanza tulikiweka juu ya mawe mapya ya Buhene. Miezi ilikuwa imepita tangu mulipuko, lakini ndani bado kulikuwa na joto, na mvua ikinyesha ungeona moshi mweupe unatoka kwenye nyufa. Telefone inakosea kidogo, inakuleta karibu tu. Basi mutafutaji alipaswa kungoja mvua, aone ufa gani unatoa moshi, njo aende. Mawe yakipoa, muchezo umekwisha. Niliona ni jambo zuri ajabu. Tulitia vitu ndani ya sanduku la plastiki, tukaenda. Tuliporudi na wanafunzi, sanduku lilikuwa limelegea kama ugali, limeshika jiwe, halitoki. Wanafunzi walicheka mpaka wakakaa chini. Tukaleta kopo la maziwa ya unga. Hilo likavumilia, ila karatasi ziligeuka rangi ya mukate. Mashimo ya chini niliyakataza kabisa kwa sababu ya mazuku, ile hewa mbaya inayojikusanya mahali pa chini na kuua mbuzi na watu. Viatu vilikatwakatwa, na wazazi wawili walikuja kunigombeza. Lakini Mama, wale watoto walijua latitudo. Walizitaja kama majina ya ndugu zao.

Cha pili kilikuwa upuuzi. Bahati alikifunga chini ya chukudu, baiskeli ya mbao ya rafiki yake anayeleta makabichi kutoka Kibumba. Sanduku lenye kutembea, alisema, muda wa kulitafuta ni tangu chukudu inapoingia muji mpaka inaporudi mulimani. Wanafunzi wakasimamisha kila chukudu kwenye barabara ya Rutshuru, wanainama chini yake kama wakaguzi. Madereva wakawatukana wao, na mama zao, na mwalimu aliyewatuma. Tukaacha.

Cha tatu njo nataka nikueleze vizuri.

Kibumba kuna mujane anaitwa Mama Zawadi, mulimaji wa maharagi, yale yanayopanda juu ya miti. Binti yake anasoma klasi yangu. Tulimwomba tufiche kopo katikati ya shamba, wakati maharagi yanatoa maua. Majani yakiwa mengi huwezi kuona kitu, na hata namba zikikuleta sawasawa, unasimama mbele ya ukuta wa kijani. Ni pale yanapokauka na kuanguka kopo linaonekana. Muda wake basi ulikuwa kati ya kukauka na kuvuna, siku chache tu.

Mama Zawadi aliweka jembe chini. "Munaficha kitu ili mukitafute?"

"Ndiyo, Mama."

"Nyinyi wenyewe?"

"Wanafunzi, Mama."

"Sawa. Lakini mutoto akikanyaga haragi langu moja, nitamuficha yeye."

Maharagi yalikuwa bado na maua wakati vita viliposhuka. Hayo unayajua kuliko mimi, yalipita kwenu kwanza. Watu wa Kibumba walitelemka wakati mumoja, na mikeka na sufuria na mbuzi, barabara ikajaa mpaka kwenye majivu ya Kanyaruchinya, na wakalala palepale. Binti wa Mama Zawadi alikuwa ameenda kwao juma lile. Hakurudi klasini. Niliuliza kila mutu. Nikasimama kando ya barabara nikiangalia nyuso mpaka macho yakauma. Na sauti yako nayo ilikatika siku zilezile. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilifagia nyumba iliyokwisha fagiwa.

Nimesimama kidogo, Mama, kulikuwa na helikopta. Imepita.

Bahati njo aliwaza lile kopo la Buhene. "Mutu akilikuta sasa hivi, atasema ni bombe," akasema. "Ninaenda kulitoa." Nilimwambia angoje, nimalize somo tuende wawili. Hakungoja. Hana tabia ya kungoja.

Musichana mumoja wa klasi ya tano alikuja anakimbia, hana pumzi. "Mwalimu, wamemushika Mwalimu Bahati kule Buhene. Wanasema ni mupelelezi."

Nilikwenda kwa prefe. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mama, mimi nina familia." Sikumukasirikia, hata leo. Nilitoka nikapanda moto.

Kwenye bariere, pale basoda wanafunga barabara, watu walikuwa wengi. Bahati alikuwa amekaa chini kwenye mawe, bila shati, damu kinywani, wanamuuliza majina ya wanaoficha naye. Walikuwa wamepata telefone yake, na ndani yake ramani yenye alama nyekundu: Buhene, barabara ya Rutshuru, Kibumba. Hebu waza, Mama. Wakati wa vita, mutu ana alama za Kibumba kwa telefone. Hata mimi ningeogopa. Na kopo lilikuwa mbali kidogo, peke yake juu ya jiwe, hakuna anayelisogelea. Mwanamume mumoja alikuwa na tairi begani. Tairi la nini, sikuuliza.

Nikaita, "Hilo kopo ni langu!"

Komanda alikuwa kijana kuliko mimi. Akaniangalia tangu viatu mpaka kichwani. "Yako? Fungua basi."

Wote wakarudi nyuma, hata yeye. Nilijua kilichomo, nilikitia kwa mikono yangu, na bado niligeuza uso pembeni. Kifuniko kilishika kutu, kikanishinda. Nikalishika kopo katikati ya magoti, nikakivuta. Nikamimina juu ya kitenge changu: kifungo, gololi, kitana kisicho na meno mengine, na karatasi ya majina.

Komanda akachukua karatasi, akasoma majina kwa sauti, moja moja. Mama mumoja katika ule umati akasema, "Huyo ni wangu." Mwingine akasema, "Na huyo ni mutoto wa dada yangu." Yule wa tairi akaliweka chini.

"Mwalimu," komanda akasema, "kama hamuna siri, kwa nini munaficha?"

Nilimwambia tu, "Tunawafundisha batoto kutafuta."

"Hapa watu wanatafuta watu wao. Wamechoka kutafuta." Akanirudishia karatasi. "Mupeleke huyu mutu kwake. Telefone inabaki. Na nisione tena kopo."

Bahati alipoteza jino la mbele. Njiani, juu ya moto, sisi wawili nyuma ya dereva, alijifuta damu kwa kitenge changu. Nilisikia kifua chake kinagonga mugongo wangu.

Sasa ukiniuliza kama muchezo ule unawezekana hapa, nitakujibu kwamba hauwezekani. Nchi ambayo kopo linaweza kuua, mutu ana haki ya kuogopa kila kopo. Bahati anakataa, anasema tulikosea tu kutowajulisha watu wa aveni, majirani wa pale, na kutoweka jina la shule juu ya kifuniko. Tunabishana juu ya hilo kila siku, na sioni tukimaliza.

Lakini sikia kilichofuata. Majuma kadhaa baadaye tuko klasini, mulango ukagongwa, na pale nje amesimama Mama Zawadi na binti yake. Wamekonda, lakini wazima wote wawili. Nilipiga kelele, na klasi nzima ikapiga kelele, hata Bahati akaja kutoka upande wa pili akifikiri ni vita. Mama Zawadi akafungua kitenge chake, akatoa kopo letu la tatu.

"Chukueni kitu yenu. Imenivunja mugongo."

"Mama, umekimbia nalo?"

"Muliliacha kwangu. Ningesemaje? Niliacha maharagi, niliacha mbuzi mwenye mimba, hiki niliona kitaenea pembeni ya sufuria." Kisha akamgeukia binti yake. "Na huyu alikataa kutembea bila hicho. Risasi zinalia, yeye anapekua majani."

Wanafunzi waliandika majina yao, wote, na Mama Zawadi alishika kalamu akachora alama yake. Anaishi hapa kwangu sasa, yeye na binti, maana kwenye kambi maji yanaingia hemani. Njo maana nikisema nyumba imejaa, usishangae.

Nimefika mahali ambapo nilikuwa nakwepa tangu musitari wa kwanza. Bahati ameomba kunioa. Aliniambia mbele ya Mama Zawadi, na lile pengo la jino, na hakutembea huku na huku, alisimama. Nimemwambia siwezi kujibu kabla yako. Kungalikuwa na njia, wazee wake wangalikuja Kiwanja kwa heshima zote, na ng'ombe wakifuata nyuma. Njia haipo. Baba mukubwa atauliza ni wa kabila gani, maana siku hizi kila mutu anauliza hivyo kwanza. Mwambie ni mutu aliyepigwa kwa ajili ya majina ya watoto wa watu wengine, na hakutaja hata mumoja.

Siwezi kukuficha, naogopa pia. Hatulii, na mimi situlii, sijui nyumba ya watu wawili kama hao itasimama namna gani. Labda wewe unajua. Ulikaa na Papa miaka yote, naye hakuwa mutu wa kutulia.

Ukikubali, usihangaike kuandika, mupe Mama Furaha kitenge kimoja cha kwako, kile ulichokwisha kuvaa, nitajifunga nacho siku hiyo. Ukikataa, andika yote bila kunionea huruma, nitasoma mpaka mwisho na nitakutii.

Nisalimie Bibi, umwambie dawa yake ya macho nimeitafuta na bado naitafuta. Nisalimie Baba mukubwa na mke wake. Mudogo wangu Aline asiache masomo kwa sababu walimu wamekimbia, asome vitabu vyangu vilivyo chini ya kitanda. Muchungaji wetu atuombee, sisi wa huku na ninyi wa huko, kwa sala moja.

Mama Furaha amefika, anasimama mulangoni na viatu havivui, anasema gari halingoji. Mvua imekatika. Mama, nakupenda, jibu haraka.

Mutoto wako wa kwanza,
Solange