Nyumba Uliyoikalia, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, hata huko uliko.

Asubuhi hii nimekaa barazani kwako hapa Ibra, Uarabuni, nikakumbuka ulivyocheka kule Italia. Mume wangu Salim alipelekwa mafunzoni Turin na kampuni yake, mimi nina mimba ya kwanza, na wewe ukakata shauri: "Mjukuu wangu hazaliwi ugenini, mimi nimekaa Ibra nanywa kahawa." Ukafunga halua yako, tukasafiri.

Jumapili moja Salim alitupeleka kwenye kasri ambalo wafalme wa zamani wakifikia wanapokwenda kuwinda. Juu ya kuba lake amesimama mnyama wa shaba, pembe zimetanda. Ukashika mbavu. "Zuwena, njoo uone! Wazungu wamempandisha paa juu ya paa!" Salim alicheka mpaka akakaa chini.

Mlangoni ukavua viatu. Mlinzi akakuashiria uvae, nawe ukamwambia kwa Kiswahili, taratibu kama unamfunza, "Baba, nyumba ya watu haiingiwi na vumbi." Ukatembea juu ya marumaru na buibui lako, viatu mkononi, chini ya dari zilizochorwa mbwa na farasi na mabibi wenye nywele kama mizinga ya nyuki. Ulipita kama mwenye nyumba.

Chumba cha mwisho ndicho kilichokusimamisha. Zilitundikwa picha za kasri lilelile kabla ya kutengenezwa: dari imeanguka, majani yameota sakafuni, njiwa wamejenga viota ukumbini. Ulizitazama hata mimi miguu ikanivimba.

"Salim, muulize huyu mama anayelinda chumba: nani aliwaambia haiwezekani?"

Salim akaunga-unga Kitaliani chake. Yule mwanamke akacheka.

"Anasema, wote."

"Wote," ukarudia. Ukazigeukia picha tena.

Nilijua unawaza nyumba hii ya udongo, ya wazee wa baba. Tuliporudi kutoka Unguja tuliikuta nusu haina paa, na baba alikufa hajawahi kuitengeneza. Ami Nasir, ndugu yake, alikuwa keshakata shauri aibomoe, ajenge ya saruji.

Hatukuwa hata tumepumzika na safari ya kurudi Ibra, mtoto bado mchanga, Ami akaleta katapila. Wewe ukachukua godoro na birika la kahawa, ukaenda kukaa chumba kimoja kilichobaki na paa. Dereva, Mpakistani, akazima mashine. "Mama ndani. Mimi hapana vunja."

"Shemegi, toka," Ami akaita kutoka njiani. "Watu wanatutazama. Udongo huu umekufa!"

"Nasir, nimeona nyumba iliyokufa kuliko hii, ikafufuliwa. Na ile watu wakilala siku mbili tatu wakaue wanyama. Humu kazaliwa ndugu yako!"

Ami alisimama pale, jua linamchoma, kisha akamfukuza dereva kwa hasira. "Haya basi! Tutaona."

Akaona. Ulileta vigogo vya mitende kutoka Bidiya na fundi mzee na vijana wake kutoka Mudhaibi. Wake wa ndugu zetu walikanyaga udongo na majani makavu huku wakipiga vigelegele. Majirani walisema, "Yule Mzinjibari kapata wazimu kwa Wazungu," nawe ukawapelekea kahawa.

Sikukuu ya kwanza tuliyoila humu, Ami aliingia na wajukuu zake. Akapita chumba kwa chumba, mpaka kile cha ndani. Akaweka kiganja ukutani. Machozi yakamtoka, akawaita wajukuu zake: "Njooni, yallah! Hapa tumezaliwa mimi na ndugu yangu." Uligeukia sufuria ya wali ili asione kuwa umemwona.

Uliaga dunia katika chumba hichohicho, Mama, watu wamejaa hadi uwanjani, na nililia sana. Lakini leo silii. Tangu alfajiri nasikia nyundo. Mafundi wako wapo juu ya nyumba ya jirani, ile iliyokuwa ya popo, na chini yao Ami Nasir, mkongojo juu, anawagombeza:

"Nyoosheni kigogo hicho! Mnadhani shemegi yangu angekipokea hivyo?"

Pumzika, Mama, kazi inakwenda.

Mimi, mwanao uliyemfuata hadi ugenini,
Zuwena