Kohoa Mlangoni

Njiru, Ijumaa, Novemba 1996

Baba Kyalo,

Huku hatujambo. Kyalo ameng'oka jino la mbele, analiweka mfukoni akuonyeshe ukirudi.

Nilienda ile benki kubwa kuhamishia akiba yetu, kama ulivyoniagiza. Kompyuta zao zimekwama tangu Jumatatu, na hakuna anayejua zitaamka lini. Nikaona afadhali tubaki kwenye Sacco, chama cha akiba na mikopo cha madereva, tunakojulikana kwa sura. Nikapitia huko kumwambia Mutheu wa dirishani.

Akashangaa. "Mama Kyalo, si mumeo alikuja hapa juzi kuchukua mkopo wa dharura?"

"Mume wangu yuko safari, Eldoret."

"Mimi namjua. Alikuja na wanaume wawili. Hata hakunisalimia, na alipotia sahihi mmoja wao ndiye aliyezipokea pesa."

Simu ya ofisi yenu haishikwi. Barua hii nimempa dereva mwenzako Maingi akupe mkononi mwako tu. Akikukosa Eldoret, airudishe.

Nimebadilisha kufuli. Ukija peke yako, kohoa mlangoni. Ukija na wale wawili, bisha hodi bila kukohoa, nami nitawapitisha watoto dirisha la nyuma.

Mkeo,
Wayua